Mwanafunzi Anayeshauri Biashara Ndogo Nje ya Nchi: Muhula, Viza na Daftari la Mauzo

Mwenye biashara ndogo hana muhula. Ana siku ya mishahara, siku ya kumlipa anayemletea mali, msimu wa mauzo na miezi mikavu. Mwanafunzi naye huenda na ratiba nyingine kabisa: mihadhara, majaribio, tarehe ya kukabidhi kazi, mitihani, likizo. Wakikutana wawili hawa katika kazi ya ushauri, tena kila mmoja akiwa wa nchi yake, karibu kila tatizo litakalowapata lina mzizi wake hapo. Mwanafunzi hufunga mizigo wakati mwenye biashara ndiyo kwanza ameanza kumwamini.

Jambo hili hutangazwa kirahisi mno. Utasafiri, utasaidia biashara inayohangaika, utarudi na wasifu wa kazi unaovutia. Lakini ndani yake mna sheria za uhamiaji, kodi, siri za watu, maksi za chuo, na swali lililo zito kuliko hayo yote: ushauri wa mwanafunzi unamfaa kweli anayeupokea? Ninaamini unaweza kumfaa sana, na ndiyo maana inaniuma kuona vijana wakiingia humo bila kujua wameingia katika mpango wa aina gani.

Jina moja, mipango mitatu

Mpango wa kwanza ni kozi ya chuo. Chuo ndicho kinachotafuta wateja, kinaunda timu za wanafunzi wanne au watano, kinaipa kila timu mhadhiri msimamizi, na mwisho kinatoa maksi. Marekani ina historia ndefu ya kazi hii: mpango wa Small Business Institute ulianzia Chuo Kikuu cha Texas Tech mwaka 1972, wanafunzi wakizishauri biashara ndogo za ndani ya nchi kwa fedha za serikali ya shirikisho. Baadaye vyuo vikavuka mipaka. Shule ya biashara ya Chuo Kikuu cha Michigan iliuanzisha mpango wake wa MAP mwaka 1992, na ile ya chuo cha teknolojia cha MIT ikaanzisha kozi ya G-Lab mwaka 2000, ambayo hupeleka timu kwenye kampuni changa za nchi nyingine. Michigan imeligusa hasa tatizo la kalenda: wanafunzi wa shahada ya uzamili ya biashara hutengewa wiki saba ambazo kazi yao ni mteja tu. Vyuo vingi haviwezi kumudu hilo, kwa hiyo mradi huwekwa katikati ya masomo mengine manne na kila mmoja ajue mwenyewe atapata wapi muda.

Mpango wa pili ni kampuni inayoendeshwa na wanafunzi wenyewe. Ya kwanza iliyoitwa Junior Enterprise iliundwa Ufaransa mwaka 1967, katika shule ya biashara ya ESSEC, na mtindo huo ukaenea Ulaya na kisha Brazil, ambako umekua kiasi cha kutungiwa sheria yake mwaka 2016. Sheria hiyo inazitambua kampuni hizi kama vyama visivyogawana faida, vyenye usimamizi wa walimu, ambavyo wanachama wake hufanya kazi kwa kujitolea. Mteja hulipa, ila chini ya bei ya soko, na fedha hurudi katika mafunzo. Karibu na mtindo huu wako 180 Degrees Consulting, mtandao wa wanafunzi ulioanzia Chuo Kikuu cha Sydney mwaka 2007, ambao huhudumia zaidi mashirika ya kijamii.

Wa tatu ni mwanafunzi anayejitegemea. Anaweza kuwa anasoma ugenini na akapata wateja katika mji anaosoma. Anaweza pia kuwa kwao, akimhudumia kwa intaneti mteja aliye mbali. Hapa hakuna mhadhiri wa kumwambia mteja kwamba kazi imezidi, hakuna mkataba wa chuo, na bima ya chuo haimhusu. Uhuru ni mwingi, na kila kosa linamwangukia yeye peke yake.

Swali la kwanza la kujiuliza, kabla ya kufikiria mkakati wowote wa biashara, ni hili: mimi niko katika mpango upi? Kibali unachohitaji, nani anamiliki ripoti, nani atajibu mteja akipata hasara, vyote vinategemea jibu lake.

Sheria huuliza uko wapi unapofanya kazi

Wanafunzi wengi wa kigeni wamekariri idadi ya saa. Wanajua kwamba Uingereza, kwa wengi wanaosoma shahada, wakati wa muhula ni saa 20 kwa wiki. Wanajua Australia ni saa 48 kwa kila wiki mbili, kiwango kilichowekwa Julai 2023. Wanajua Ujerumani, tangu Machi 2024, ni siku nzima 140 au nusu siku 280 kwa mwaka, na Ufaransa ni saa 964. Wakijumlisha saa zao na kuona hazijavuka, wanaamini wako salama.

Ushauri haupimwi kwa saa peke yake. Mshauri anayetoa ankara kwa wateja wake, mbele ya sheria nyingi, amejiajiri, na kujiajiri ni mlango mwingine. Uingereza humkataza mwenye viza ya mwanafunzi kujiajiri au kuendesha biashara, hata kama ni saa mbili tu kwa wiki. Ujerumani humtaka mwanafunzi anayetoka nje ya Umoja wa Ulaya aombe kwanza ruhusa ya ofisi ya wageni. Australia humruhusu, ilimradi ajiandikishe kupata namba ya biashara na abaki ndani ya saa zake. Marekani ina utaratibu wake: mwenye viza ya mwanafunzi iitwayo F-1 anaweza kufanya kazi ndani ya chuo hadi saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, lakini kazi ya nje inayohusiana na masomo inahitaji idhini, ama ile ya mafunzo kwa vitendo iitwayo CPT ambayo lazima iwe sehemu ya mtaala na iandikwe kabla hujaanza, ama OPT, ya mafunzo kwa vitendo katika fani unayosomea, ambayo ni ya miezi 12 na inaweza kuongezwa miezi 24 kwa masomo ya sayansi na teknolojia. Kumshauri jirani mwenye duka kwa malipo bila lolote kati ya hayo ni kazi isiyo na kibali, na adhabu yake inaweza kuwa kuipoteza hadhi ya mwanafunzi. Kanuni hizi hubadilishwa mara kwa mara, kwa hiyo ofisi ya chuo inayohudumia wanafunzi wa kigeni inafaa kuulizwa kila muhula, tena kwa maandishi.

"Lakini silipwi." Hili ni kimbilio la wengi, nalo halisitiri. Uingereza hutofautisha anayejitolea kwa hisani na anayefanya kazi ya bure ambayo ingefanywa na mwajiriwa. Huyu wa pili, saa zake zinahesabiwa. Sheria ya kazi ya Marekani, kwa ujumla, hairuhusu mtu kujitolea bure kwa kampuni binafsi inayotafuta faida. Sababu inaeleweka: kazi ya bure ya mwanafunzi inaweza kumnyang'anya riziki mkazi wa hapo.

Timu inayosafiri wiki mbili kwa ajili ya kozi nayo haijavuka mto. Nchi nyingi humruhusu mgeni wa kibiashara kuhudhuria mikutano, kuhoji, kutazama na kujadiliana. Kusimama kwenye kaunta, kupanga stoo au kumhudumia mteja wa yule mteja ni kazi. Mpaka huo huvukwa kwa moyo mwema kabisa, pale mwenye biashara anapozidiwa na wageni wake wakaona aibu kukaa tu.

Kuna anayebaki kwao na kufanya kazi kwa intaneti. Huyu mara nyingi hana shida ya viza, maana mwili wake haujavuka mpaka, lakini kodi ya mapato anadaiwa pale anapoishi. Anayesoma ugenini na kulipwa na mteja wa nchi ya tatu ndiye mwenye fundo gumu: alipo ndipo kazi inapofanyika, hata kama fedha zinaingia katika akaunti ya kwao. Nchi nyingi humhesabu mtu kuwa mkazi wa kodi akikaa siku 183 au zaidi katika mwaka, na mihula miwili hupita hapo bila mtu kushtuka.

Je, ushauri huu unasaidia?

Hapa ndipo ninapotaka kukaa zaidi, kwa sababu ndipo wanaoendesha mipango hii hupita mbio. Kwa makadirio ya Benki ya Dunia, biashara ndogo na za kati ni karibu asilimia 90 ya biashara zote duniani na hubeba zaidi ya nusu ya ajira. Ushauri mbaya kwa biashara kama hizo unaumiza kaya nzima nzima.

Jaribio linalotajwa sana lilianza mwaka 2008 katika viwanda vya nguo karibu na Mumbai, India. Watafiti, miongoni mwao Nicholas Bloom na David McKenzie, walivigawa viwanda kwa kura katika makundi mawili. Vyote vilichunguzwa na washauri kwa mwezi mmoja na kuonyeshwa kasoro zao. Kundi moja likaishia hapo. La pili likakaa na washauri miezi minne zaidi, wakitekeleza mabadiliko pamoja siku kwa siku. Ndani ya mwaka mmoja tija ya kundi la pili ilikuwa imepanda kwa asilimia 17 ikilinganishwa na la kwanza.

Tazama vizuri kundi la kwanza lilipewa nini: uchunguzi na mapendekezo. Ndicho hasa ambacho timu nyingi za wanafunzi huacha mezani zinapoondoka. Ni kweli kwamba vile vilikuwa viwanda vyenye mamia ya wafanyakazi na washauri walikuwa wataalamu wa kulipwa, kwa hiyo tarakimu zile haziwezi kuhamishiwa moja kwa moja kwa mwanafunzi na karakana ya watu wanane. Tofauti ya makundi yale mawili, hata hivyo, inazungumza na kila mtu anayetaka kushauri.

Mjini Puebla, Mexico, utafiti mwingine ulihusu biashara 432, nyingi zikiwa ndogo kabisa. Biashara 150 zilipewa mshauri wa karibu saa nne kwa wiki kwa mwaka mzima. Tija ilipanda, na miaka mitano baadaye biashara zile zilikuwa zimeajiri watu wengi zaidi kuliko wenzao. Saa nne kwa wiki ni muda ambao mwanafunzi anaweza kuupata. Mwaka mzima ndio unaomshinda.

Kwa upande wa pili wako mafundi cherehani wa Accra, Ghana. Walishauriwa na wataalamu kuhusu kumbukumbu za hesabu na namna ya kuendesha kazi, wakayafuata kwa muda, faida haikupanda, na baada ya mwaka hivi wengi wakarudi katika njia zao za zamani. Mimi sioni hapo ukaidi. Fundi hupima ushauri kwa kilichobaki mfukoni mwisho wa mwezi, na kama hakikuongezeka, kuandika daftari kila jioni kunakuwa mzigo.

Kwa anayefanya kazi kwa mbali kuna habari njema. Nchini Uganda zaidi ya wajasiriamali 900 walihusika katika jaribio ambalo wataalamu wa kujitolea walio nchi nyingine waliwaongoza baadhi yao kwa simu na intaneti kwa miezi kadhaa. Mauzo ya walioongozwa yalizidi ya wenzao kwa zaidi ya robo, hasa kwa sababu walisaidiwa kujitofautisha na washindani wao. Mgeni aliona yale ambayo mwenyeji alishayazoea hata hayaoni. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na hapa walisema kweli tupu, ila mgeni wa namna hii anapaswa kuja tena na tena.

Jaribio ninalolipenda kuliko yote ni la Jamhuri ya Dominika. Wafanyabiashara wadogo walifundishwa kwa njia mbili: kundi moja lilipewa somo la kawaida la uhasibu, jingine lilipewa kanuni chache za mkononi, kama vile kutenga fedha za biashara na za nyumbani katika droo mbili na kujilipa mshahara maalumu. Kanuni za mkononi zilifanya kazi kuliko uhasibu kamili. Mwanafunzi aliyetoka kufaulu mtihani wa uhasibu wa gharama huumia kusikia hivyo, lakini anayeshauriwa si mhadhiri wake.

Mteja anapoomba kisichomfaa

Karibu kila mteja huja na jibu badala ya tatizo. Chukua karakana ya samani ya watu wanane. Mwenyewe anasema: nitengenezeeni kurasa za mitandao ya kijamii, nipate wateja. Timu inafurahi, kwa sababu kurasa hutengenezwa kwa wiki moja na huonekana vizuri kwenye wasilisho la mwisho.

Sasa fanya hesabu, kwa sarafu yoyote uipendayo. Oda moja inauzwa 1,000 na vifaa vyake ni 600. Muuza mbao anataka alipwe ndani ya siku 15. Mnunuzi wa samani hulipa siku ya 60. Oda kumi zikiingia kwa pamoja, mwenye karakana anatoa 6,000 na kuisubiri kwa siku 45. Sasa tangazo lenu lifanikiwe, oda ziwe ishirini: anahitaji 12,000 ambazo hana. Mtakuwa mmemwongezea mauzo na kumfilisi. Lakini akianza kuomba malipo ya awali ya nusu bei, kila oda inaingiza 500 siku ya kwanza, pengo linashuka hadi 100 kwa oda, na kwa oda kumi ni 1,000 badala ya 6,000. Kinachohitajika ni mazungumzo magumu na wateja wawili watatu wakubwa, jambo lisilopendeza hata kidogo kwenye wasilisho.

Ili kufika hapo lazima upate tarakimu za kweli, na hazipatikani siku ya kwanza. Mwenye biashara hana sababu ya kumwonyesha kijana wa kigeni daftari lake halisi. Anaogopa kodi, anaogopa mshindani, na pengine anaona haya kwa sababu daftari lenyewe halipo. Mali bila daftari huisha bila habari, na kazi kubwa ya wiki za mwanzo mara nyingi ni kukaa na mtu mkaliandika kwa mara ya kwanza: kilichouzwa, kilichokopeshwa, kilichochukuliwa na ndugu, kilichobaki stoo. Kazi hiyo si ya kudharau. McKenzie na Christopher Woodruff walipima desturi 26 za kuendesha biashara ndogo katika nchi saba, za masoko, za kutunza bidhaa, za kumbukumbu na za mipango ya fedha, wakakuta kwamba wanaozifuata zaidi wana mauzo na faida kubwa zaidi, na biashara zao hudumu.

Lugha nayo ina mtego wake. Mkalimani akiwa mtoto au mfanyakazi wa mwenye biashara, majibu yatapitia kwenye heshima yake kwanza. Na pahali pengi neno "ndiyo" humaanisha nimekusikia. Ukitaka kujua kama pendekezo limekubaliwa, uliza nani atalifanya na siku gani. Akikosekana mtu na ikakosekana siku, limekataliwa kwa upole.

Kwa hiyo andikeni hadidu za rejea mapema, kwa ukurasa mmoja: swali moja, kitakachokabidhiwa, tarehe ya kumaliza, nani atatoa takwimu, na nini hakimo. Sehemu ya mwisho ndiyo inayosahauliwa. Ushauri wa sheria na wa kodi hasa uandikwe kuwa haumo, kwa sababu nchi nyingine huuweka mikononi mwa wenye leseni tu. Ujerumani ni mfano mmoja. Mteja atakayekuuliza "niandike mapato haya vipi nisilipe kodi kubwa" hakuulizi kwa ubaya. Jibu lake liwe jina la mhasibu wa hapo hapo.

Wiki ya mwanafunzi ilivyo

Tuseme mradi una pointi sita kwa mfumo wa Ulaya wa ECTS. Pointi moja ni kazi ya saa 25 hadi 30, kwa hiyo mradi mzima ni saa 150 hadi 180. Ukizitawanya katika wiki 12 unapata saa 12 na nusu hadi 15 kwa wiki. Kwenye karatasi inawezekana kabisa. Kinachovunja hesabu ni kwamba saa hizo hazipangwi na wewe. Mwenye biashara yuko huru akishafunga, tuseme saa mbili usiku. Kwa mwanafunzi aliye mashariki yake kwa tofauti ya saa nane, hiyo ni saa kumi alfajiri, na mhadhara uko saa tatu asubuhi. Kisha mteja anaahirisha, kwa sababu gari la mzigo limefika. Ana haki ya kuahirisha. Lakini wiki yako imeshakatika.

Kinachosaidia ni mambo ya kawaida sana: siku moja maalumu ya mazungumzo kila wiki, ujumbe wa sauti badala ya mkutano pale inapowezekana, na mtu mmoja tu wa timu anayewasiliana na mteja ili asiulizwe jambo lilelile mara nne. Mweleze mteja tangu siku ya kwanza wiki zipi ni za mitihani. Wenye biashara huelewa msimu mgumu kuliko mtu yeyote; hawaelewi ukimya.

Mvutano mzito zaidi ni wa maksi. Mhadhiri hutuza uchambuzi mrefu wenye nadharia, na mteja anataka kujua Jumatatu afanye nini. Timu zinazoandika ripoti moja kwa wote wawili huishia kumkosa kila mmoja. Andikeni mbili: ya chuo yenye uchambuzi wote, na ya mteja yenye kurasa mbili, kwa lugha anayoisoma, pamoja na lahajedwali au daftari lililokwisha kuanza kutumika.

Fedha ni jambo ambalo vyuo hulizungumza kwa sauti ndogo mno. Kazi yenyewe mara nyingi hailipi. Nauli, viza, bima ya afya ya safari na chakula hugharimiwa na mwanafunzi, au anarudishiwa miezi baadaye. Anayefanya kazi ya jioni ili alipe kodi ya chumba hawezi kuiacha wiki tatu, na hivyo nafasi huenda kwa wale ambao wazazi wao wanajiweza. Naona hili ni kosa la kurekebishwa na chuo, kwa kulipa gharama kabla ya safari na kuuhesabu mradi wa mbali sawa na wa kusafiri. Ulaya ina mfano wa kuangalia: Erasmus kwa Wajasiriamali Vijana, ulioanza mwaka 2009, humpa mtu anayetaka kuanzisha biashara posho ya kila mwezi akikaa mwezi mmoja hadi sita na mjasiriamali mzoefu wa nchi nyingine. Hapo kijana ndiye anayejifunza rasmi, mwenyeji anafaidi macho mapya, na hakuna anayejifanya mtaalamu.

Siri, umiliki na kuondoka

Ripoti ya darasani huhifadhiwa maktaba, huonyeshwa kwa darasa la mwaka unaofuata, wakati mwingine hupakiwa kwenye tovuti ya chuo. Mteja aliyekupa faida yake halisi hakukubali hayo. Mkubaliane kwa maandishi nani ataisoma, jina la biashara libadilishwe katika nakala ya chuo, na mwenye biashara abaki na haki ya kutumia kila kilichotengenezwa. Orodha ya wateja wake ni ya kuogopa zaidi. Kanuni za Umoja wa Ulaya za kulinda taarifa binafsi, zilizoanza kutumika Mei 25, 2018, humfuata mfanyabiashara wa Ulaya hata anapomtumia taarifa hizo mwanafunzi aliye bara jingine. Ondoa majina na namba za simu kabla faili halijasafiri, na usiliingize katika programu za akili mnemba ambazo hujui zinahifadhi nini.

Kuondoka kupangwe kuanzia katikati ya mradi. Watafiti wa Mumbai waliporudi miaka tisa baadaye walikuta karibu nusu ya desturi zilizoanzishwa zimeachwa, hasa pale meneja alipobadilika au mkurugenzi alipokosa muda. Hivyo ndivyo ilivyokuwa baada ya miezi mitano ya washauri wa kulipwa. Mradi wa wiki 12 ulenge jambo moja, na jambo hilo lishikwe na mtu wa biashara ile, mwenye jina, ambaye katika wiki nne za mwisho analifanya mwenyewe huku timu ikitazama. Nywila zote zibadilishwe na zibaki kwake. Simu ya kufuatilia baada ya miezi mitatu iwekwe kwenye kalenda, na msimamizi wa chuo ndiye aipige, kwa kuwa yeye bado atakuwepo wakati wanafunzi wameshahitimu.

Chuo kinachorudia kozi hii kila mwaka kina nafasi ambayo mwanafunzi mmoja hana: kumpelekea mwenye biashara yuleyule timu ya muhula unaofuata. Timu mpya ikute faili fupi lenye kilichoanzishwa, tarakimu za mwezi wa mwisho, na mapendekezo ambayo mwenye biashara aliyakataa pamoja na sababu alizotoa. Sababu hizo ziandikwe kwa maneno yake mwenyewe, na timu mpya izisome kabla ya kumpigia simu ya kwanza.